Istilahi za Breki: Ni Mafuta au Ni Kiowevu?

Mwanza ni jiji la miamba na vilima. Ateremkaye na gari kutoka Bugando kuelekea ufukweni mwa ziwa hutegemea breki kuliko injini. Ndiyo maana baadhi ya wenye Land Rover za kale huzibadilishia breki. Land Rover za mfululizo wa kwanza hadi wa tatu, zilizoundwa tangu 1948 hadi 1985, zilikuwa na breki za dramu. Diski za mbele zililetwa na One Ten mwaka 1983. Kwa kuwa diski hazijikazi zenyewe kama dramu, hudai nguvu zaidi ya mguu. Hivyo husaidiwa na busta, na masta silinda nayo haina budi kulingana nazo. Kazi hii ina istilahi zake, nasi twaona yafaa zipimwe, maana kosa la lugha hapa laweza kuwa ajali.

Tuanze na lililo jema. Mafundi husema kutoa upepo. Mtafsiri anayefuata Kiingereza neno kwa neno angeandika kutoa damu, na msomaji asingeambulia kitu. Usemi wa fundi wataja jambo lenyewe: hewa iliyobaki katika mabomba hubanika, pedeli ikazama na gari lisisimame.

Hata hivyo, si kila neno la gereji lastahili kusanifiwa. Tutazame mafuta ya breki. DOT 3 na DOT 4 hutokana na glaikoli, wala si jamii moja na mafuta ya injini. Mafuta ya injini yakimiminwa humo, mipira ya silinda huvimba na kuharibika, na breki hushindwa kufanya kazi. Tena glaikoli hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Jina mafuta laficha hatari zote mbili, kwani kila mtu ajua kwamba mafuta na maji havichanganyiki.

Kwa hiyo twapendekeza kiowevu cha breki. Watakuwapo watakaosema kwamba dukani mafuta ya breki yaeleweka vizuri. Ni kweli, lakini fundi mzoefu huongozwa na chupa aijuayo, ilhali mwanafunzi wa ufundi huongozwa na kitabu tulichomtafsiria. Dramu, diski na busta tuziache zilivyo, kwa kuwa hazimpotoshi mtu.

Kigezo chetu kisiwe asili ya neno, bali kazi yake. Liongozalo mkono sawasawa lipokelewe, hata kama limezaliwa gereji. Lipotoshalo lirekebishwe, hata kama limezoeleka. Walimu na watafsiri wenye hoja tofauti twawakaribisha wazilete.