Ushahidi wa Waliopona katika The Nickel Boys

Mtoto aliyeteswa na watu waliopewa amana ya kumlea hupatwa na misiba miwili. Wa kwanza ni mateso yenyewe. Wa pili ni kutosadikiwa ayasimuliapo, na huu hudumu kuliko ule, kwa sababu huanza upya kila anapofungua kinywa. Riwaya ya The Nickel Boys, iliyotungwa na Colson Whitehead wa Marekani na kutolewa mwaka wa 2019, imesifiwa sana kwa namna ilivyoueleza msiba wa kwanza. Mwaka wa 2020 ilipata tuzo ya Pulitzer, na mtungaji wake alikuwa amekwisha kuipata tuzo hiyo hiyo mwaka wa 2017. Sifa hizo ni haki yake. Lakini wengi waliokisifu kitabu wamesimama barazani tu, wakastaajabia ukali wa mapigo, wala hawakuingia ndani kuona kuwa shabaha ya mtungaji ni msiba wa pili.

Shule ya Nickel haikuwako duniani, ila iliyoizaa ilikuwako. Katika mji wa Marianna, upande wa kaskazini wa jimbo la Florida, serikali ya jimbo ilifungua mwaka wa 1900 shule ya kuwarudi wavulana watukutu, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Arthur G. Dozier. Walipelekwa humo wezi wadogo, watoro wa masomo, na hata mayatima ambao kosa lao lilikuwa kukosa pa kwenda. Mwaka wa 1903 wakaguzi waliwakuta watoto wametiwa minyororo miguuni. Taarifa ikaandikwa, shule ikaendelea. Mwaka wa 1968 gavana Claude Kirk alikwenda kuitazama, akaondoka amechukizwa, na adhabu ya viboko ikakatazwa. Lakini milango haikufungwa hata mwaka wa 2011.

Katika kiwanja cha shule hiyo palikuwa na nyumba ndogo nyeupe, na ndimo wavulana walimopigwa kwa mkanda wa ngozi. Mwaka wa 2008 wanaume waliokuwa wamekwisha kuwa wazee walijitokeza hadharani wakasimulia yaliyowapata humo. Idara ya upelelezi ya jimbo ilichunguza, ikasema haikuona kitu cha kuyathibitisha madai yao wala cha kuyakanusha. Ndipo walipokuja wataalamu wa University of South Florida, wakiongozwa na Erin Kimmerle, wakachimba. Penye misalaba 31 wakagundua makaburi 55. Baraza la kutunga sheria la Florida liliomba radhi mwaka wa 2017, na mwaka wa 2024 likatenga dola milioni 20 za fidia. Mifupa ilisadikiwa upesi kuliko midomo.

Whitehead alizisoma habari hizo katika gazeti mwaka wa 2014, na kitabu chake kinaanzia pale pale palipomshika: wanafunzi wa chuo wanachimbua makaburi yasiyoandikwa. Baada ya hapo anarudi nyuma mpaka miaka ya mwanzo ya 1960, kwa kijana Mweusi wa Tallahassee aitwaye Elwood Curtis, anayelelewa na bibi yake. Elwood ana sahani ya santuri yenye hotuba za Martin Luther King, naye huisikiliza kama watoto wengine wasikilizavyo ngoma. Anaamini kila neno. Siku anapokwenda kuanza masomo ya chuo anaomba lifti barabarani, na gari analopanda, bila yeye kujua, ni la wizi. Kwa kosa hilo anapelekwa Nickel.

Kabla ya hayo kuna kisa kidogo ambacho msomaji mwenye haraka atakipita. Elwood, akiwa bado mdogo, anashindana na watumishi wa jikoni katika hoteli kukausha vyombo, naye anashinda seti nzima ya vitabu vya maarifa yote. Anavibeba kwa jasho hadi nyumbani. Anapovifungua anaona kwamba cha kwanza tu ndicho kilichoandikwa. Vilivyobaki ni karatasi tupu. Ni kisa cha kuchekesha, na watumishi huenda walijua tangu mwanzo. Lakini hakuna mfano uliofaa zaidi kwa mtoto anayekwenda kuikabili sheria akidhani kwamba ndani yake mna maandishi.

Kuhusu mapigo, mtungaji ni bahili wa maneno, na ubahili huo umemfaa. Usiku wanapochukuliwa kwenda nyumba nyeupe, feni kubwa inaunguruma ili kufunika sauti. Elwood anangoja zamu yake, anahesabu mapigo ya wenzake, anajaribu kuona kanuni yake: kwa nini huyu kapata mengi na yule machache. Hakuna kanuni. Zamu yake inapofika hesabu inakatika, kwa kuwa anapoteza fahamu kabla hawajamaliza kumpiga. Tunachoonyeshwa baadaye ni nyuzi za suruali yake zilizozama ndani ya nyama, na daktari akizitoa. Mtungaji mwenye tamaa ya kutisha angaliandika kurasa kumi. Huyu aliona kwamba aliyepigwa mwenyewe hakubaki na habari iliyo kamili, na kwamba anayetaka mateso yasimuliwe kwa ukamilifu anamdai shahidi kitu ambacho shahidi hana.

Hapo ndipo msiba wa pili unapoingia. Mtoto wa shule kama ile amekwisha kuitwa mwongo kabla hajasema lolote. Aliletwa kwa kuwa ni mtukutu. Mtukutu husema uongo. Basi akilalamika, lalamiko lake ni dalili ya utukutu wake. Ni mtego usio na mlango wa kutokea, na haukutengenezwa Florida peke yake. Jamii ya Synanon, iliyoanza California mwaka wa 1958 kwa kuwatibu walevi wa madawa, iliacha mbinu zake za kumzunguka mtu na kumvunja kwa matusi mpaka akiri, na mbinu hizo zikarithiwa na shule nyingi za binafsi za Marekani zilizowachukua vijana wasumbufu kwa ada kubwa. Katika shule za namna hiyo barua zilisomwa kabla ya kutumwa, na wazazi walionywa mapema kwamba mtoto atalalamika ili arudishwe nyumbani, nao wasimsikilize. Mzazi alilipa, akaziba masikio, akadhani ndio upendo. Mwaka wa 2007 wakaguzi wa hesabu za serikali ya Marekani walilieleza baraza la Congress kwamba madai ya mateso katika mahali pa namna hiyo, na mengine ya vifo, yalifika maelfu. Sheria ya taifa juu ya jambo hilo ilitiwa sahihi Desemba 2024, yaani miaka 17 baadaye.

Katherine Kubler, ambaye alikuwa mwanafunzi wa shule moja ya aina hiyo katika jimbo la New York, alitengeneza mwaka wa 2024 filamu ya sehemu tatu iitwayo The Program. Yeye na wenzake walirudi katika majengo yaliyohamwa, wakakuta mafaili yao na kanda za kamera zilizowaonyesha wakitendewa yale waliyokuwa wakiyasema. Filamu hiyo haina ufundi wa riwaya ya Whitehead, lakini inathibitisha shabaha yake: watu wazima, wenye akili timamu, waliolazimika kutafuta kanda kama Kimmerle alivyotafuta mifupa, kwa sababu neno lao halikutosha.

Elwood naye anaandika. Yeye na mwenzake Turner hutumwa mjini pamoja na kijana Mzungu aitwaye Harper, kupeleka vyakula vya wanafunzi Weusi vikauzwe kwa wenye maduka na mikahawa, au kupaka rangi nyumba za wakubwa. Elwood anatia yote katika daftari: tarehe, mzigo, jina la mpokeaji. Sehemu hii ni bora kuliko zote za kitabu. Spencer, msimamizi anayeshika mkanda, amechorwa kwa mstari mmoja tu, na msomaji hapati kumjua zaidi ya ukatili wake. Ni upungufu, wala hauna haja ya kufichwa. Lakini mwenye mkahawa anayepokea nyama kwa mlango wa nyuma, akamsalimu Harper kwa jina, ni mtu tunayemfahamu. Anakwenda kanisani. Hajampiga mtoto yeyote. Daftari la Elwood linaonyesha kuwa shule haikusimama kwa nguvu ya Spencer, bali kwa faida ndogo ndogo za mji mzima. Na hivyo linaeleza, kwa hesabu ya magunia na makopo, kwa nini mji haukusikia kelele.

Wakaguzi wa jimbo wanapokuja, Elwood anawaandikia barua, na Turner, ambaye hana imani hata chembe, ndiye anayeifikisha. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuisoma sehemu hiyo bila kuikumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka wa 1951, ambamo wajumbe sita wanarudi kutoka safari za mbali na habari za kuifaa nchi yao, na shukrani wanayopewa ni kifungo. Tofauti ni kwamba Karama, anayeyaeleza hayo akiwa mshtakiwa, ana mfalme wa kumsikiliza, na mwishoni wafungwa wanafunguliwa. Shaaban Robert aliandika chini ya serikali ya kikoloni, na bado aliweka mwishoni mwa kitabu sikio lililo wazi. Whitehead hakuliweka. Barua ya Elwood inamrudia mwenyewe: anapigwa tena, anatiwa katika chumba cha giza. Turner anasikia kwamba wamekusudia kumwua, na usiku anamtoa mbio. Harper anawafuata kwa bunduki. Elwood anapigwa risasi, Turner anakimbia.

Hadithi imekuwa ikiruka mara kwa mara hadi New York, kwa mtu mzima aitwaye Elwood Curtis, mwenye kampuni ya kuhamisha mizigo. Mwishoni ndipo tunapojua kwamba huyu ni Turner, aliyejivika jina la mwenzake aliyekufa. Wako waliouita mpango huo hila, wakasema mtungaji amemchezea msomaji kama mwana mazingaombwe. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Kitabu kinachodai haki ya shahidi kusadikiwa, kisha kikamdanganya msomaji kwa kurasa mia, kina deni la kueleza.

Deni hilo hulipwa katika usomaji wa pili. Katika sura moja ya New York, siku ya mbio ndefu za mji, mwenye kampuni anakutana na Chickie Pete, waliyekuwa naye Nickel. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta hodari, na sasa mkono wake umevunjika na maisha yake yameharibika kwa pombe. Mara ya kwanza tunaona mtu aliyefanikiwa akimwonea haya rafiki aliyeanguka. Mara ya pili tunaona mtu anayeogopa kutambuliwa na mmoja wa watu wachache duniani wanaoweza kumtambua. Hata jina la kampuni hubadilika maana. Wavulana wa Nickel walipandishwa daraja kwa daraja, na aliyefika ya juu, iliyoitwa Ace, aliruhusiwa kwenda nyumbani. Kampuni inaitwa Ace. Mtu huyu alitoroka; hakupata kupandishwa; akajipa mwenyewe daraja hiyo kwenye ubavu wa lori. Hila ya mtungaji inamweka msomaji pale alipowekwa mke wake Millie, aliyeishi naye miaka mingi pasipo kujua jina lake, na kumpenda kwake hakukuwa uongo.

Udhaifu uko mahali pengine. Elwood ni mwema mno. Turner ana kejeli, woga na ujanja, hata tunausikia mwendo wake. Elwood mara nyingi ni taa iliyowekwa mezani ili wengine waonekane. Kinyume chake ni Griff, bondia wa Weusi, mwonevu asiye na akili nyingi, anayeamriwa ashindwe katika raundi ya tatu, akakosea hesabu ya raundi, akashinda. Anachukuliwa usiku hadi kwenye mialoni miwili yenye pete za chuma. Hakuna aliyempenda, wala mtungaji hamwombei huruma. Miaka hamsini baadaye mifupa yake ya mikono inapatikana imevunjika, na ile mifupa inasema kweli kwa ajili ya mtu ambaye angalihojiwa hai, huenda hakuna ambaye angalimsikiliza. Laiti Elwood angalitiwa doa moja kama la Griff.

RaMell Ross, aliyeifanya riwaya hii filamu mwaka wa 2024, alilitatua jambo hili kwa njia yake: kamera inakaa mahali pa macho ya wavulana wawili, mtazamaji akaona wanachokiona wao. Turner akiwa mtu mzima anaonyeshwa kwa kisogo. Ni uamuzi wa busara. Uso wa aliyepona haukutolewa upimwe kama ni wa mkweli au wa mwongo.

Katika kurasa za mwisho Turner, baada ya kumweleza mkewe yote, anasafiri kwenda Tallahassee ili ahudhurie mkutano wa waliopona na aseme yaliyompata Elwood. Anafika hotelini na njaa, anaingia chumba cha kulia, anakaa. Jengo hilo zamani lilikuwa hoteli ile ile ya vyombo na vitabu vitupu, ambamo Elwood mdogo alikuwa akisimama jikoni na kuutazama mlango wa ukumbi kila unapofunguka, akikisia kama safari hii ataona mteja Mweusi ameketi mezani. Mtungaji hasemi neno juu ya hilo. Mhudumu anakuja, na Turner anaagiza chakula.