Thamani ya Nafsi katika Rosa Mistika

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), imezoeleka kusomwa kama onyo dhidi ya malezi makali: Zakaria anambana bintiye, naye Rosa, akishafika shule ya bweni na kuonja uhuru, anapotoka. Usomaji huu si wa uongo, ila unamfanya Rosa kuwa kielelezo tu cha makosa ya baba. Kisa cha barua ya Charles kinadai zaidi. Barua ile inamwambia msichana kwamba yupo mtu, nje ya ukoo wake, anayemwona kuwa wa kupendwa. Kipigo kinachoifuata kinamfunza kwamba kupendwa huko ni hatia. Basi Rosa anaondoka Ukerewe akiwa hana kipimo cha thamani yake isipokuwa macho ya wengine. Bwenini macho hayo ni ya wasichana wenzake. Baadaye ni ya wanaume. Anachokisaka si anasa, kama walivyoelekea kudhani wale walioipiga riwaya hii marufuku katika shule za Tanzania (ajabu ni kwamba wanafunzi ndio hasa waliohusika nayo). Anasaka mahali pa kukubaliwa.

Hapa ndipo udhaifu wa msanii unapojitokeza. Msimulizi wake ni mwepesi wa kuhukumu: mara nyingi tunaelezwa Rosa alivyotenda, na ni nadra kumsikia akijiwazia. Anapopewa nafasi ya kumkabili Zakaria kwa maneno, amekwisha kujiua, na wote wawili wamesimama mbele ya Mungu.