Daraja la Majuma Saba

Katika mji wa Chicago, Marekani, sheria ya mwaka 1996 iliamuru kwamba mtoto wa darasa la nane aliyeshindwa kusoma na hesabu asivushwe kwenda shule ya juu, ila kwanza asome likizo ya kiangazi majuma saba, kisha ajaribiwe tena. Aliyeshindwa mara ya pili alirudishwa darasani. Aliyetimiza miaka 15 alipelekwa katika kituo cha peke yake.

Bibi Melissa Roderick na wenzake waliyapima mafunzo hayo katika taarifa ya mwaka 2003. Wanayasifu kwa haki: alama zilipanda, hasa pale mwalimu alipolitengeneza somo limfae kila mwanafunzi. Walakini wanakiri kwamba waliporudi katika shule za kawaida, watoto walijifunza kwa mwendo ule ule wa zamani.

Basi lawama yangu si kwa waandishi, ni kwa wakuu waliotaka majuma saba yalipe deni la miaka minane. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Ikiwa mwalimu wa kiangazi aliweza kumtazama kila mtoto, mbona mwalimu wa mwaka mzima asiwezeshwe?