Mwiba wa Moto kwenye Ukuta wa Kaskazini

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya jirani yangu mzee, huku Leeds, Uingereza, unatazama kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua haliugusi. Mimea mingi ingenyongea pale, lakini yeye aliuchagulia pirakantha, kichaka cha ukoo wa waridi kisichopukutisha majani hata theluji ikianguka. Jina lake la Kigiriki maana yake ni mwiba wa moto. Moto ni matunda yake, vishada vya tembe za rangi ya chungwa vinavyoiva vuguvugu la jua likishapita. Mwiba nao ni mwiba kweli, hupenya glavu ya ngozi.

Nilimtazama tangu mwanzo, miaka sita iliyopita. Alianza na waya. Alipima kwa pimamaji, akatoboa ukuta kwa keekee, akakaza skrubu zenye pete, kisha akatandaza waya wa mabati kwa mlalo, kila mmoja sentimita 40 juu ya mwenzake. Pete zile huuweka waya mbali kidogo na matofali ili hewa ipite nyuma ya matawi.

Shimo alilichimba sentimita 40 kutoka ukutani. Mimi ningechimba pale pale chini ya ukuta. Akanionyesha udongo wa sehemu zote mbili nishike mwenyewe: mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, lakini ule wa ukutani ulikuwa mkavu kama unga, kwa sababu nyumba huukinga. Akaupanda mche ukiwa umeinama kidogo kuelekea ukuta, akamwagilia ndoo nzima, akatandaza mboji bila kuiacha iguse shina.

Chipukizi hupindika likiwa bado kijani, likishakomaa huvunjika. Kwa hiyo mzee hulishika karibu na kitako chake, hulilaza kidogo, hungoja, hulilaza tena. Kamba laini huizungusha kama namba nane, waya katika tundu moja na tawi katika tundu jingine, visisuguane. Halafu hupitisha kidole cha mwisho ndani ya kitanzi. Kisipopita, hufungua na kufunga upya.

Lakini ufundi wake wote uko kwenye mkasi. Pirakantha huchanua kwenye matawi ya mwaka uliotangulia, hivyo anayeinyoa kwa mkasi mkubwa wa ua hukata maua ya mwaka ujao na kuyatupa bila kujua. Mzee hutumia mkasi mdogo wa kupogolea. Maua meupe yakishaanguka na vitunda vibichi kufunga, machipukizi mapya huvifunika. Hapo huchukua moja moja, hulifuata kwa vidole hadi linapotokea, huhesabu majani mawili au matatu, hukata. Husogea nyuma hatua moja, hutazama, hurudi kwenye linalofuata. Vishada hujitokeza kimoja baada ya kingine, kama taa za mtaa jioni. Kabla ya kuhamia mmea mwingine hupangusa makali kwa spiriti, maana kuna bakteria aitwaye Erwinia amylovora anayebabua mitufaha, mipea na pirakantha vilevile, naye husafiri hata kwa chuma.

Mwaka huu alifika Julai na mkasi na gunia lake. Kutoka waya wa pili akaruka ndege mweusi mwenye mdomo wa njano, akaacha kiota nyuma yake. Sheria ya Uingereza ya 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika, ila naamini hata bila sheria angefanya vilevile: alirudisha mkasi ndani. Machipukizi yakarefuka wiki baada ya wiki, yakaziba nusu ya dirisha la jikoni, naye akawa anapika mchana taa ikiwaka. Asubuhi moja ya Agosti kiota kilikuwa kitupu. Akangoja siku mbili zaidi, akavaa glavu, akaanzia waya wa chini.