Vibanio Kwenye Mshipa wa Shingo

Mtu wa Voi au Taveta akiishiwa nguvu za mkono kwa robo saa, kisha zikarudi, wengi humwambia ashukuru Mungu akapumzike. Kumbe hicho ni kiharusi cha onyo, na siku chache zinazofuata ndizo mbaya zaidi. Hospitali ya Moi pale Voi itampima presha kwanza, maana kwetu presha ndiyo chanzo kikubwa. Lakini mara nyingine tatizo liko shingoni: mshipa unaolisha ubongo umejaa mafuta na chokaa, na makombo yanamegeka.

Daktari anayeusafisha mshipa huo namstahi mno, kwa sababu anazuia kiharusi kwa mkono unaoweza kukileta. Kombo likiponyoka chini ya kidole chake, linapanda ubongoni. Ndiyo maana hautomasi mshipa. Anaukwepa mshipa wa fahamu wa ulimi na ule wa sauti, na nyama ndizo anazozisogeza. Mshipa wenyewe anauacha utulie. Kisha dawa ya kuzuia damu isigande, kisha vibanio kwa mpangilio: tawi la ubongo hubanwa kwanza, ili kitakachomegeka kikose njia ya kupanda.

Sasa ubongo unategemea njia za kando. Ni kama maji ya Mombasa: bomba la Mzima, linaloanzia humu humu kaunti yetu, likifungwa, mji hutazamia vyanzo vya Baricho, Marere na Tiwi. Njia hizo za kichwani Thomas Willis alizieleza mwaka 1664, ila si kila mtu anazo kamili. Basi madaktari wengine hutia mrija wa muda wa kupitisha damu. Wengine hutumia ganzi ya shingo tu, wakizungumza na mgonjwa huku akibonyeza mpira kwa mkono wa upande wa pili. Akinyamaza, wanajua.

Uchafu hubanduliwa taratibu, ukuta huoshwa, kiraka hushonwa. Kufungua nako kuna zamu yake, na hapo ndipo ninapovua kofia: damu ya kwanza, pamoja na hewa na makombo yaliyosalia, huelekezwa usoni, ambako madhara ni madogo. Tawi la ubongo hufunguliwa mwisho.

Njia nyingine ni stenti, kijibomba cha wavu cha kuupanua mshipa. Hupitishwa kwa waya kutoka kwenye paja, nayo haiachi kidonda shingoni, lakini waya hupenya katikati ya makombo hayo. Uchunguzi wa picha za ubongo wa mwaka 2010 ulikuta madoa mapya kwa nusu ya waliowekewa stenti, na kwa 17 katika kila 100 waliopasuliwa. Mengi hayakuwa na dalili. Faida ya upasuaji nayo ni ya kweli. Katika utafiti wa Amerika Kaskazini wa 1991, kwa wenye dalili na mshipa uliobanwa asilimia 70 na zaidi, kiharusi cha upande huo ndani ya miaka miwili kilishuka kutoka 26 hadi 9 kwa kila 100, hatari ya kisu ikiwemo.

Baada ya upasuaji ubongo uliozoea damu haba hupokea mkondo mkubwa, na presha ikipanda unaweza kuvuja. Kazi ya kuidhibiti presha hiyo ni ya nyumbani: vidonge kila siku bila kuruka, na kichwa kikiuma vikali upande uliopasuliwa, au degedege likija katika wiki za kwanza, mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo.