Bolti Iliyoganda

Asubuhi ile fundi hakuanza na spana. Alianza na brashi ya waya na kopo la mafuta, akaingia chini ya Land Rover na kukaa huko kimya, hata nikadhani amepitiwa na usingizi. Gari ni Series III iliyoishi miaka yake mingi Tanga kabla ya kupandishwa huku Arusha, na bushi zake za springi zilikuwa zimekwisha kabisa. Bolti tatu zilitoka kwa heshima. Ya nne, ya nyuma kushoto, ilikataa.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, nayo ilivikwa bodi ya alumini kwa sababu Uingereza, baada ya vita, chuma kilikuwa cha mgawo. Wengi huiona bodi hiyo haina kutu wakadhani gari zima liko salama. Chesisi ni chuma, springi ni chuma, bolti ni chuma, na upepo wa chumvi haujui kuchoka. Bolti ya springi hupita ndani ya kibomba cha chuma kilicho katikati ya mpira wa bushi. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula. Ikishaingia kati ya bolti na kibomba, huvibana viwili hivyo vikawa kimoja. Ukizungusha, kichwa kinakubali, kinakwenda kidogo, moyo unafurahi.

"Mzee, imeanza kuachia!" kijana wa gereji alisema.

"Bado, mwanangu. Legeza mkono uone."

Akalegeza. Spana ikarudi yenyewe mpaka ilipoanzia. Alikuwa amesokota mpira tu.

Nimewaona mafundi wakichomeka bomba refu kwenye spana na kuning'inia. Kichwa kinakatika, na kazi ya saa moja inageuka siku nzima ya kutoboa. Wengine huponzwa na spana yenyewe: magari haya yamefungwa kwa vipimo vya inchi, na kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 itaingia, itashika, halafu itakula pembe zote sita. Huyu fundi wangu alikuwa na spana pete za inchi, kuukuu, zimefungwa kwenye kitambaa kama vyombo vya mganga.

Alisugua meno ya bolti yaliyochomoza mpaka yakang'aa, akapaka mafuta, akaacha. Tukanywa chai. Akarudi, akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo, si kwa hasira, mapigo mafupi ya kuichokoza kutu. Kisha akafanya jambo ambalo nilikuwa sijaliona: akaikaza. Kidogo tu, kwa upande ule usiotakiwa, ndipo akaigeuza kuilegeza, akairudisha, akailegeza tena, huku ameinamisha kichwa anasikiliza. Bolti inayotaka kukatika huwa laini mkononi, inakufuata bila kelele. Inayotaka kutoka hulia. Ni tofauti ndogo mno, na ndani yake ndimo ulimo ufundi wote ninaousifu hapa. Miaka ya mtu imelala kwenye kiganja.

Haikulia. Akaomba gesi.

Bolti hizi hazishikwi na nati peke yake. Bamba moja la pembeni nalo lina meno. Fundi akalipasha moto bamba lile, bolti akaiepusha na mwali kadiri alivyoweza. Tundu la milimita 14 likipashwa nyuzijoto 500 hutanuka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kama unene wa karatasi. Upenyo huo ndio aliokuwa akiutafuta tangu asubuhi. Mpira wa bushi ukaanza kutoa moshi mweusi, harufu ikatufukuza sisi wengine. Yeye akabaki, akagonga mara mbili, akashika spana.

Ikalia. Mlio mkavu, mrefu, kama mlango wa ghala.

Akaitoa robo kwa robo, na ilipotoka alinipa nikiwa na kitambaa mkononi: nyeusi, moto, imelika katikati ikawa nyembamba kama kiuno cha nyigu. Nilitaka kusema neno la shukrani lakini alikuwa ameshageuka. Alikuwa akiipaka bolti mpya grisi, nene, urefu wake wote, na kumwita kijana asogee.

"Paka mpaka ndani ya meno," alimwambia. "Atakayekuja kuifungua hii huenda ni wewe."