Silaha Iliyopita Mkono wa Kushoto

Nianze kwa kujianika mwenyewe, maana mhakiki anayewaanika wenzake tu huyo ni mmbeya.

Mwaka 2009 nilikuwa na meza moja na kompyuta moja pale Kariakoo. Natafsiri barua na vyeti, Kifaransa kwenda Kiingereza, nalipwa kwa ukurasa. Siku moja akaja bwana mmoja, mtu wa Uvira, Kongo. Alikuwa na maelezo yake ya kurasa tatu kwa Kifaransa, anayapeleka ofisi fulani ambako wanasoma Kiingereza tu. Ukurasa wa pili kaandika kwamba ndugu yake mkubwa "a passé l'arme à gauche". Mimi huyo, cheti changu cha Kifaransa hata wino haujakauka, nikachapa: "passed the weapon to the left". Kila neno lipo mahali pake. Nikagonga muhuri, nikala hela ya watu.

Wiki mbili baadaye karudi, kanywea. Wamemhoji muda mrefu: silaha hiyo ilikuwa ya aina gani, na huyo wa kushoto aliyeipokea ni nani, mwasi wa kundi gani? Naye hajui wanauliza nini, kwa sababu hakumbuki kuandika habari za silaha. Nikamsomea Kifaransa chake mwenyewe. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto.

"Mwalimu," akasema, "yaya alikufaka. Ni vile tu."

(Kwao yaya ni kaka au dada mkubwa. Mtu wa Dar akisikia hivyo atadhani msichana wa kazi ndiye aliyefariki. Hapo bado tuko ndani ya Kiswahili, hata mpaka wa Kifaransa hatujauvuka!)

Kumbe ni nahau ya kufa, na inasemekana ilizaliwa jeshini. Inatamkwa kama sisi tunavyosema fulani kakata kamba. Sasa fikiri mgeni aandike kwa Kiingereza kwamba marehemu "alikata kamba": askari ataanza kutafuta mbuzi aliyefunguliwa.

Nikafungua kamusi, safari hii kwa heshima. Kamusi ikaniambia Kiingereza chake ni "kick the bucket". Nikafurahi, bwana wee! Nahau kwa nahau, kufa kwa kufa, hata utani wake unakaribiana. Nilikuwa nimeshaanza kuchapa nilipoona nafanya kosa la pili, tena baya kuliko la kwanza. Yule ofisa asome kwamba mtu anayeomba hifadhi anamzungumzia marehemu ndugu yake kwa lugha ya kijiweni? Kosa la kwanza lilimfanya mtu wangu aonekane mwasi. Hili lingemfanya aonekane hana uchungu. Nikaandika "my brother died". Maneno matatu.

Hapo ndipo ninapogombana na vitabu vya mazoezi tulivyosomeshwa, vile vyenye safu mbili, nahau ya Kifaransa kushoto na ya Kiingereza kulia, kama viatu dukani. Vinakufanya uamini kila nahau ina mwenzake, kazi yako ni kumtafuta. Nyingine wanao, sikatai. Mfaransa mvivu ana unywele kwenye kiganja, "un poil dans la main", maana hakishiki kazi hata nywele imeota. Mwingereza mvivu uvivu wake umefika mfupani, ni "bone idle". Sawa, pokea. (Sisi mkono wetu wa birika ni wa mchoyo, kwa hiyo usichanganye mikono.) Mfaransa aliyekosa kutokea kwenye miadi amekuwekea sungura, "poser un lapin", Mwingereza "stood you up", mtoto wa mjini hapa kakuacha kwenye mataa. Lakini mtu akizimia, Mfaransa huanguka kwenye matofaa, "tomber dans les pommes", na Mwingereza "passes out" tu au "faints". Hana tunda lolote. Ukimtafutia tunda ili usawazishe mizani, umeharibu.

Kuna na zile za kuchekesha. Kuondoka kimyakimya bila kuaga, Mfaransa anamsingizia Mwingereza: "filer à l'anglaise". Mwingereza naye akitoroka bila ruhusa anamsingizia Mfaransa: "French leave". Waswahili mtanielewa, majirani ndivyo walivyo.

Sasa tuingie kwenye kazi za wakubwa, tusiishie kwenye barua zangu. Mwaka 1959 François Truffaut alitoa filamu yake ya kwanza ndefu, "Les Quatre Cents Coups", na mwaka huohuo akapata tuzo ya mwongozaji bora huko Cannes. Kwa Kiingereza inaitwa "The 400 Blows". Yaani mapigo mia nne. Rafiki yangu aliyeiangalia kwa jina hilo aliniambia alikaa akihesabu makofi! Kwa Kifaransa, "faire les quatre cents coups" ni kufanya utundu wa kila aina, kuruka ruka na maisha. Ukisikia jina lile unasikia sauti ya shangazi au jirani anayemsengenya mtoto huku nusu anacheka. Na filamu ndiyo hiyo: Antoine anatoroka shule, anamdanganya mwalimu kwamba mama yake amekufa, anaiba mashine ya kuchapia, anakamatwa wakati anairudisha. Watu wazima wanasema mtukutu. Sisi tulioketi gizani tunaona mtoto aliyekosa pa kuegemea. Filamu inakaa katikati ya hayo mawili. Jina la Kiingereza limemziba mdomo yule shangazi, likamwacha mtu na fimbo mkononi.

Mtaniuliza, wewe ungeliitaje? Nimehangaika. "Raising Hell" ina kelele za wanaume wa baa. "Wild Oats" inanukia kijana anayefukuza wasichana, na Antoine bado ni mtoto. Ningekuwa na ujasiri ningetupa nahau kabisa na kuweka neno moja ambalo mama wa Kiingereza hulitumia kwa mtoto msumbufu, labda "A Handful". Mnaweza kunicheka. Lakini angalau hapo kuna mtu anayesema.

Ujasiri huo walikuwa nao Anthea Bell na Derek Hockridge, waliomwingiza Asterix wa Goscinny na Uderzo kwenye Kiingereza kuanzia mwaka 1969. Mbwa mdogo wa hadithi zile kwa Kifaransa ni Idéfix, kutoka "idée fixe", wazo lililong'ang'ania kichwani. Wao wakamwita Dogmatix. Ung'ang'anizi umebaki, mkia wa majina ya Wagaul umebaki, na ndani yake wamemficha "dog", mbwa mwenyewe, ambaye kwenye Kifaransa hakuwemo! Mtu wa safu mbili hawezi kufika hapo, kwa sababu anauliza neno hili kwa Kiingereza ni nani. Wale wawili, naona, walijiuliza mwandishi huyu angekuwa Mwingereza, leo asubuhi, angefanya mzaha gani.

Nikirudi kwa mtu wangu wa Uvira, swali lingekuwa hilohilo, ila jibu lake halikuwa mzaha. Na mimi nilikuwa na bahati ambayo mtafsiri wa Truffaut huenda hakuwa nayo: mwenye maneno alikuwa amekaa mbele yangu kwenye stuli, na tulikuwa na lugha moja ya kuulizana. Sikumuuliza. Niliona haya kuonekana sijui.

Nilipompa karatasi mpya aliisoma polepole, Kiingereza chake kilitosha hapo. Akaweka kidole juu ya yale maneno matatu.

"Mbona umemkausha?"

Nikamweleza habari ya ofisa na ndoo. Akakubali, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Halafu akaniambia yaya yake alikuwa mcheshi sana, kwamba ile ya silaha kushoto ilikuwa kauli yake mwenyewe, alikuwa akiwasemea wengine wakifa. Ndiyo maana aliiandika vile.

Karatasi ilikwenda na maneno matatu. Sentensi ambayo yule mcheshi angeisema kwa Kiingereza bado naitafuta.